Mosquito: ndege ya mbao, watu wawili, na Jaji Ulric Cross

Wanaotuuliza kuhusu ndege za Vita Kuu ya Pili ya Dunia huanza na kasi na uzito wa mabomu. Kwa Mosquito ya Uingereza, ni vyema kuanza na waliokuwa ndani. Lancaster, ndege nyingine ya mabomu ya Uingereza, iliruka na watu saba na bunduki za kujihami. Mosquito ya mabomu ilikuwa na watu wawili tu, na bunduki haikuwepo hata moja.

Iliruka kwa mara ya kwanza Novemba 25, 1940. Kampuni ya de Havilland iliiunda kwa plaiwudi nyembamba iliyogundishwa pande zote mbili za mti mwepesi wa balsa, hivyo hata mafundi wa samani walipata kazi katika utengenezaji wake. Kwa wepesi huo na injini mbili za Rolls-Royce Merlin, kinga yake ilikuwa mwendo: matoleo ya baadaye yalipita kilomita 600 kwa saa. Kufikia 1944 iliweza kubeba bomu moja la karibu kilo 1,800 hadi Berlin.

Rubani alikaa kushoto. Kulia kwake alikaa mwongoza njia, ramani mapajani, akipiga hesabu za upepo, kasi na dakika gizani. Kazi hii ndiyo inayosahaulika zaidi. Kikosi namba 139 kilikuwa miongoni mwa watangulizi, waliodondosha miali ya rangi juu ya shabaha ili ndege za nyuma zijue pa kulenga. Mwongoza njia akikosea, mabomu ya wengi yaliangukia kwingine. Na chini kulikuwa na watu. Mashambulizi ya Hamburg ya Julai 1943 yaliua raia zaidi ya 30,000.

Kikosi hicho kilipewa jina la Jamaica kwa kuwa wananchi wa kisiwa hicho walichanga fedha za kununulia ndege. Humo ndimo alimotumika Ulric Cross, Mtrinidad aliyezaliwa 1917 na kujiunga na jeshi la anga la Uingereza 1941. Aliruka misheni 80, zikiwemo za Berlin na bonde la Ruhr, akatunukiwa nishani za kijeshi za Uingereza, DFC na DSO. Idadi hiyo ni nzito mno. Kati ya wanaanga wapatao 125,000 wa kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza, 55,573 walikufa.

Tahadhari moja kwa wanaofuatilia historia hizi: misheni za mtu si misheni za ndege. Wanaanga walihama ndege moja hadi nyingine, na ndege ilipokea watu tofauti. Kumbukumbu za vikosi, zilizohifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza huko Kew, London, huandika kila safari kwa namba ya ndege, majina, saa ya kuruka na saa ya kutua. Linganisheni kwanza namba ya ndege na tarehe, ndipo muamini simulizi.

Baada ya vita Cross alisomea sheria, akafanya kazi Ghana na Cameroon, kisha kuanzia 1967 hadi 1971 akawa Jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania. Alifariki 2013 akiwa na miaka 96. Mwanasheria anayepekua hukumu zetu za miaka ile atakutana na jina lake.