Je, wajua kwa nini marefa walivaa nyeusi, na kwa nini mavazi yao bado yanakaguliwa?

Aliyeanza kufuatilia soka miaka ya karibuni amezoea kumwona refa na jezi ya njano leo, ya bluu kesho, ya waridi keshokutwa. Waliomtangulia wanakumbuka vazi moja tu: jezi nyeusi yenye kola nyeupe, bukta nyeusi, soksi nyeusi. Lilidumu miongo mingi hata watu wakadhani limeandikwa kwenye sheria za mchezo. Ukweli ni kwamba lilitoka kwenye makabati ya waungwana wa Uingereza wa karne ya 19, likabaki kwa kuwa lilifaa kazi, na likaondoka pale klabu zilipoona kwamba jezi nyeusi nayo inauzika.

Soka ilipoanza kuandikiwa sheria, refa wa katikati hakuwepo. Kila timu ilikuja na mwamuzi wake. Hao wawili walichezesha pamoja, na waliposhindwa kuelewana walimgeukia mtu wa tatu aliyesimama nje ya mstari. Mwaka 1891 huyo wa tatu akaingizwa uwanjani na kukabidhiwa mamlaka yote, wale wawili wakasogezwa pembeni na kuwa washika vibendera. Hakuna aliyewashonea sare. Walikuja na nguo zao wenyewe: koti, shati, tai, suruali. Koti la mtu wa heshima zama hizo lilikuwa jeusi au la rangi nyingine ya giza, kwa hiyo refa naye akawa wa rangi hiyo.

Desturi hiyo ilifika mbali. Mwaka 1930, fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia ilipochezwa Montevideo kati ya Uruguay na Argentina, refa alikuwa Mbelgiji John Langenus. Joto la uhasama kati ya majirani hao wawili lilikuwa kali kiasi kwamba Langenus alidai ahakikishiwe usalama wake kabla ya kukubali kuchezesha. Hata hivyo aliingia uwanjani na koti, tai, na suruali pana inayofungwa chini ya goti, kama mtu anayekwenda kucheza gofu. Uruguay ilishinda 4–2, na picha za Langenus za siku hiyo bado zinatazamwa kwa mshangao.

Koti likaja kuvuliwa, jezi na bukta zikachukua nafasi yake, lakini rangi ikabaki. Sababu yake ni ya kiutendaji kabisa. Timu zilikuwa zimejichagulia nyekundu, bluu, nyeupe na mistari ya kila namna. Nyeusi haikuwa na mwenyewe. Mchezaji aliyeinua kichwa mpira ukiwa mguuni, mabeki wakimkimbilia, alijua mara moja kwamba yule wa nguo nyeusi si wa kupasiwa. Na shabiki aliyekaa jukwaa la mbali alimwona refa bila kuhangaika. Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima, na kwa maoni yangu watu wengi wanaozungumzia unadhifu wa waamuzi wanakipita bila kukiona. Vazi la mwamuzi lina kazi mbili: aonekane upesi, na asidhaniwe kuwa wa upande wowote. Kanuni yoyote ya mavazi isiyotumikia moja ya hizo mbili ina haja ya kuulizwa maswali.

Wamarekani walifika hapohapo kwa njia nyingine. Inasimuliwa kwamba mwaka 1920 refa mmoja wa Michigan, Lloyd Olds, alikuwa akichezesha mpira wa miguu wa Kimarekani akiwa na shati jeupe, na mchezaji wa timu iliyovaa nyeupe akampa yeye mpira kwa kudhani ni mwenzake. Olds akaenda kushonewa shati la mistari myeusi na myeupe. Mistari hiyo ndiyo hadi leo inayowatambulisha waamuzi wa mchezo huo.

Tukirudi kwenye soka, mabadiliko yalikuja miaka ya 1990. Ligi Kuu ya England ilipoanza mwaka 1992, marefa wake walitoka na jezi za kijani. Miaka miwili baadaye, kwenye Kombe la Dunia la Marekani la 1994, waamuzi walikuwa na rangi kadhaa za kuchagua kulingana na jezi za timu. Nyuma ya hayo yote kulikuwa na biashara. Klabu zilikuwa zimegundua kuwa mashabiki watanunua jezi ya ugenini na hata ya tatu, mradi ni ya kuvutia, na nyeusi inavutia. Manchester United ilikuwa na jezi nyeusi ya ugenini kuanzia 1993 hadi 1995. Ndiyo aliyoivaa mshambuliaji wake Eric Cantona usiku wa Januari 1995 aliporuka na kumpiga teke shabiki kwenye uwanja wa Selhurst Park, London. Rangi ya refa ikawa imepata mwenyewe mwingine, na refa akalazimika kuhama.

Leo sheria ya 4 ya mchezo inadai timu mbili zitofautiane rangi baina yao na pia na waamuzi, na kila kipa awe na rangi tofauti na wachezaji wengine na waamuzi. Ndiyo maana kwenye kikao cha maandalizi kabla ya mechi kubwa, jezi za timu zote, za makipa na za waamuzi huwekwa mezani mbele ya kamishna na kulinganishwa. Hata tangazo la mdhamini, pale linaporuhusiwa kwa waamuzi, huwekwa kwenye mikono ya jezi badala ya kifuani. Kifua cha mwamuzi ni cha beji. Wenye beji ya FIFA huipata kwa mwaka mmoja mmoja, na mwaka huo umeandikwa juu yake, hivyo beji ya mwaka jana haimsaidii mtu.

Sheria ya 5 ndiyo inayomhusu refa mwenyewe. Inamtaka awe na filimbi, saa, kadi nyekundu na njano, na kijitabu au kitu kingine cha kuandikia matukio. Kisha inamkataza kuvaa mapambo. Hereni, mkufu, bangili na pete vyote vinaachwa chumbani. Kwa mchezaji sababu inaeleweka haraka: pete inaweza kunasa kidole, hereni inaweza kuchana sikio, na sheria haimruhusu hata kuzifunika kwa plasta. Lakini refa hapigi vichwa wala hakabi mtu, kwa nini naye avue? Kwa sababu yeye ndiye anayesimama kwenye mstari wa kuingilia akikagua vidole na shingo za wachezaji 22. Akimwambia kijana avue cheni huku yake inang'aa shingoni, amepoteza kitu ambacho filimbi haitamrudishia kwa dakika 90 zinazofuata. Wakufunzi wa waamuzi wana mantiki hiyohiyo wanaposisitiza jezi ichomekewe, soksi zipandishwe, viatu ving'arishwe na waamuzi wote wanne wafanane. Mchezaji anatafuta dalili ya uzembe, na ataianzia kwenye kile anachokiona.

Ukizisoma sheria hizo zote za soka, hutakuta neno kuhusu nywele wala ndevu. Nasisitiza hilo kwa sababu kuna watu huzungumza kana kwamba lipo. Pierluigi Collina wa Italia alipoteza nywele zote akiwa na miaka 24 kwa ugonjwa wa alopesia. Kichwa kile kisicho na unywele na macho yale makali vikawa alama inayojulikana dunia nzima. Alichezesha fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 1999 na ya Kombe la Dunia mwaka 2002, na baadaye akapewa uongozi wa kamati ya waamuzi ya FIFA. Hakuna uamuzi wake hata mmoja uliopungukiwa kwa kukosa nywele.

Suala la kufunika kichwa lilichukua muda mrefu zaidi, na liliumiza watu. Mwaka 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza mechi ya kufuzu Olimpiki mjini Amman kwa sababu ya hijabu. Hoja iliyotolewa ilikuwa usalama wa shingo. Vikatafutwa vitambaa vinavyoachia vikivutwa, vikajaribiwa kuanzia 2012, na Machi 2014 chombo kinachotunga sheria za soka kikaruhusu rasmi kichwa kifunikwe. Masharti yaliyowekwa kwa wachezaji ni ya maana: kitambaa kiwe cheusi au cha rangi kuu ya jezi, kisiunganishwe na jezi, kisiwe na kitu cha kuhatarisha mtu. Usalama na rangi, basi. Leo Jawahir Roble, mzaliwa wa Somalia aliyekimbilia Uingereza na familia yake wakati wa vita, anachezesha mechi huko akiwa na hijabu yake nyeusi, na jezi yake inasema kila kitu ambacho jezi ya refa inapaswa kusema.

Kwa waamuzi wanawake wa ukanda wetu, kutazamwa ni mzigo wa ziada. Januari 2022 Salima Mukansanga wa Rwanda alisimama katikati ya uwanja mjini Yaoundé akichezesha Zimbabwe na Guinea, mwanamke wa kwanza kuwa refa wa kati kwenye fainali za Mataifa ya Afrika za wanaume. Jonesia Rukyaa wa Tanzania naye amewahi kushika filimbi kwenye mechi ya watani wa jadi, Simba na Yanga. Mwanamke akikosea, yapo majukwaa yanayoanzia kwenye msuko wake kabla ya kufika kwenye kosa. Hilo ni dhuluma, na sare iliyovaliwa sawasawa humpunguzia angalau kisingizio kimoja.

Kama kuna mchezo ambao mavazi ya mwamuzi yamebeba uzito kuliko soka, ni mieleka ya sumo ya Japani. Mwamuzi wake, gyoji, huvaa kimono cha hariri na kofia nyeusi ya kale, na hushika upepeo mgumu wa vita anaouelekeza upande wa mshindi. Ukijua kusoma vazi lake utajua cheo chake bila kuuliza. Wa daraja la chini wanaingia ulingoni pekupeku, wa katikati huruhusiwa soksi, wa juu kabisa huvaa na kandambili za nyasi. Rangi za nyuzi zinazoning'inia kwenye upepeo wake nazo hupanda na cheo, hadi zambarau ya mkubwa wao, ambaye siku zote huitwa Kimura Shonosuke, jina linalorithishwa.

Waamuzi wawili wa ngazi ya juu huchomeka kiunoni kisu kifupi. Maana yake ya kale ni kwamba mwenye kisu yuko tayari kujitoa uhai akikosea uamuzi. Siku hizi, majaji watano wanaokaa kuzunguka ulingo wakiutengua uamuzi wake, hupeleka barua ya kujiuzulu, ambayo kwa kawaida haipokelewi. Sijui mchezo mwingine ambapo nguo ya mwamuzi inamkumbusha namna hiyo gharama ya kosa lake.

Upo pia upande wa mwili. Sheria ya soka haikatazi kitambi, lakini mtihani wa utimamu wa mwili unakishughulikia. Kwa waamuzi wa kimataifa wanaume, FIFA huweka mbio sita za mita 40, kila moja isizidi sekunde 6, kisha duru 40 za kukimbia mita 75 kwa sekunde 15 na kutembea mita 25 kwa sekunde 18. Jumla ya duru hizo ni kilomita 4. Anayefeli hapangwi, hata jezi yake iwe imepigwa pasi vipi.

Nikitazama soka letu la mchangani, naona mahali panapohitaji msaada kuliko kukaripiwa. Refa wa mashindano ya mtaa mara nyingi hujinunulia jezi mwenyewe, na huwa nayo moja. Timu mbili zikija, moja ya njano na yeye ana ya njano, hana pa kukimbilia. Mashindano yenye kombe, mbuzi na pesa za mshindi yanaweza kununua seti mbili za jezi za waamuzi za rangi zisizofanana na zilizozoeleka mtaani, yakazihifadhi na kuzitoa kila mechi. Pasipo hata hizo, timu mwenyeji ivae vizibao, refa abaki na rangi yake peke yake.