Kiumbe hiki au kiumbe huyu? Mtu-mnyama kwenye muvi za kutisha

Kazi yangu ni seli shina, zile seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, mchana kutwa nipo na visahani vya maabara na inkubeta, alafu usiku nikipata nafasi naangalia muvi za kutisha, hasa zile za mwanasayansi anachanganya mtu na mnyama mpaka mambo yanamharibikia. Watu wakijua hilo lazima waniulize, eti inawezekana kweli? Jibu fupi ni hapana, sio kama mnavyoonyeshwa. Ila mi hilo swali haliniumizi kichwa kabisa, mi huwa najiuliza hiki kiumbe kikishavuta pumzi ya kwanza ni cha nani, nani anamlisha, na nani kapewa ruhusa ya kusema basi inatosha.

Tuelewane kidogo maneno kwanza. Chotara ni yule ambaye kila seli yake imebeba jeni za baba na za mama wa spishi mbili, kama nyumbu wa farasi na punda (sio yule wa porini), farasi ana kromosomu (vile vifurushi vya jeni ndani ya seli) 64, punda 62, nyumbu anatoka na 63 na ndo maana karibu wote hawazai. Kimera ni habari nyingine, mwili mmoja ila seli za aina mbili zinaishi jirani kila moja na jeni zake. Mwaka 1984 wanasayansi walitangaza kimera wa kondoo na mbuzi, mwili wake una mabaka, huku sufi huku nywele za mbuzi. Kwa seli za binadamu kinachofanyika leo ni kimera, na kwenye majaribio ninayoyataja hapa zinaingizwa kwenye kiinitete cha mnyama, yaani mimba changa kabisa ya siku za mwanzo. 2017 timu ya Taasisi ya Salk kule Marekani ilichapisha viinitete vya nguruwe vyenye seli za binadamu, wakavisimamisha kati ya wiki ya tatu na ya nne, na hizo seli za mtu zilikuwa za kutafuta kwa tochi, kama moja kwa kila laki moja. 2021 ikaja ya kima, viinitete 132 kila kimoja kikachomwa seli 25 za binadamu, kufika siku ya 19 vimebaki hai vitatu. Lengo la mbali ni kupata viungo, maana watu wanakufa wakiwa kwenye foleni ya figo.

Kitu ambacho muvi hazina kabisa, na mimi ndo kitu cha kwanza naangalia kwenye karatasi za mradi, ni siku ya kuishia. Sheria ya Uingereza ya 2008 kwa mfano, kiinitete cha binadamu kilichochanganywa na mnyama hakikuzwi zaidi ya siku 14 na ni marufuku kukipandikiza tumboni mwa mwanamke au mnyama. Unaweza kubishana na hizo 14, watu wanabishana kweli, lakini namba ipo kabla mtu hajagusa kisahani.

Sasa chukua Splice ya 2009, kwangu hii ndo muvi yenye ukweli zaidi kuliko zote za aina hii hata kama sayansi yake ni ya kupaka rangi. Clive na Elsa, wanasayansi wawili wapenzi, wanakatazwa na kampuni kutumia DNA ya binadamu, wanafanya kwa siri, na ukiangalia vizuri hakuna mahali wanakaa chini kuamua kwamba leo tunaumba mtu, wanaanza tuone tu kama itashika, ikishashika tuone tu itakuaje, tutasimamisha kabla haijazaliwa, ooh imezaliwa basi haitaishi siku nyingi, na kila hatua ina kisingizio chake kidogo kidogo mpaka kuna mtoto wa kike anaitwa Dren amefichwa kwenye ghala. Elsa katumia DNA yake mwenyewe na mwenzake hajui! Hiyo peke yake kwenye kamati yoyote ya maadili inatosha kukufukuzisha, hata kabla hatujafika kwenye mkia wa Dren wenye mwiba.

(Direkta Vincenzo Natali wazo alilipata kwa yule panya wa 1997 mwenye sikio mgongoni. Panya mwenyewe hakuwa na chembe ya binadamu, lile sikio lilikuwa umbo lililojazwa seli za gegedu la ng'ombe. Picha moja tu na dunia nzima ikaingiwa na hofu ya kitu ambacho hakikuwepo.)

The Fly ya 1986, ile ya mwanasayansi anayechanganyika na nzi, watu huwa wanaiweka kapu moja na hizi, mi naitoa. Yule jamaa kaingia kwenye mashine kwa miguu yake, kajiharibu mwenyewe, kosa ni uzembe. Mpaka pale mpenzi wake anapopata mimba, hapo ndo anaingia mtu ambaye hakuulizwa.

Na ridhaa ndo mahali historia inatisha kuliko sinema. Ilya Ivanov, mtaalamu wa Kisovieti wa kupandikiza mbegu kwa mifugo, alikwenda Guinea ya Wafaransa, na mwaka 1927 akawapandikiza sokwe watatu wa kike mbegu za binadamu, hakuna aliyeshika mimba. Alafu akataka kugeuza, mbegu za sokwe kwa wanawake wa hospitali kule Conakry, wenyewe wasiambiwe, wajue wanapimwa tu. Gavana wa kikoloni akakataa. Soma tena, aliyewaokoa ni gavana wa kikoloni. Ivanov akarudi kwao kutafuta wanawake wa kujitolea, dume la orangutani, jamaa ya sokwe, alilolitegemea kwa mbegu likafa 1929, mwaka uliofuata akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Alma-Ata kule Kazakhstan, akafia huko 1932. Mwaka huohuo Hollywood ikatoa Island of Lost Souls, daktari kaumba mwanamke kutoka kwa chui na anamwachia karibu na mgeni ili aone kama watazaa. Uingereza waliipiga marufuku mpaka 1958. Kila mtu anakumbuka wale wanyama wanaotembea wima, mi namkumbuka yule mwanamke, Lota, ambaye hakuna aliyemweleza kwamba yeye ni jaribio.

Narudi kwa Dren maana kuna sehemu moja ya Splice siiwezi kuiangalia mara mbili. Amekua, kawa mkaidi, amemuua paka. Elsa, huyu aliyempa jina na kumvalisha magauni, anamfunga mezani, anakata ule mwiba wa mkiani huku anarekodi ripoti kwa sauti kavu kama anasoma orodha ya vifaa. Dakika tano nyuma alikuwa mwanae.

Kwa Kiingereza ukibadilisha neno dogo tu, she iwe it, sentensi inaendelea, kwetu sisi haipiti kimya, kwanza hata mbuzi tunamwita huyu, kuku tunasema amekuja, kwa hiyo kumwita Dren hiki unamshusha chini ya kuku. Ningepewa kazi ya kuandika tafsiri ya Kiswahili inayopita chini kwenye hiyo muvi, ningeandika huyu, amelala, amekula, mwanzo mpaka kwenye ile meza, na Elsa akishika kisu tu, naandika hiki.