Mtu wa tatu ni nani kwenye bima ya gari?

"Bima ndogo ni ya trafiki tu." Utaisikia kauli hii kijiweni, gereji, kwenye makundi ya WhatsApp ya wenye magari, na wakati mwingine hata kwa wakala anayeiuza bima yenyewe. Ikishasemwa, hufuata hesabu: hapa Tanzania faini ya papo kwa papo ya kuendesha bila bima ni shilingi 30,000, bima ya gari dogo la binafsi ni 118,000, kwa hiyo heri ukamatwe mara moja moja kuliko kutoa laki na kitu kwa mkupuo. Watu wazima, wenye familia na kazi za maana, wanapiga hesabu hii na kuondoka wameridhika. Imenichosha, kwa sababu inalinganisha vitu viwili visivyohusiana kabisa.

Maana kwanza, kwa haraka. Bima ya mtu wa tatu ni mkataba ambao kampuni ya bima inakubali kubeba deni lako pale gari lako litakapomuua au kumjeruhi mtu mwingine na kosa likawa lako. Sheria inadai angalau hilo. Mikataba inayouzwa huongeza na mali ya huyo mtu, hadi kiwango kilichoandikwa. Hiyo ndiyo tunayoiita bima ndogo. Bima kubwa inafanya hayo yote, halafu inaongeza gari lako mwenyewe. Katikati ipo ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi.

Sasa tuje kwa huyo mtu wa tatu, maana hapo ndipo watu wanapopotea.

Mtu wa kwanza ni wewe uliyekata bima. Wa pili ni kampuni. Wa tatu ni kila mwingine ambaye gari lako linaweza kumdhuru: mama anayekaanga mihogo kando ya barabara, mtoto anayevuka akitoka shule, mwendesha bodaboda, dereva wa gari la mbele yako pale foleni iliposimama ghafla. Abiria wa daladala na basi naye anahesabiwa, na ndiyo sababu bima za magari hayo huangalia pia idadi ya viti. Mtu wa tatu hajasaini chochote. Hajui kampuni yako ni ipi wala hajachangia hata senti, na siku ya ajali ndipo anapojua kuwa kuna mkataba unaomhusu. Mkataba wenyewe umeandikwa kwa ajili yake.

Wewe mwenyewe hulipwi chochote humo. Gari lako nalo halimo. Kwa hiyo anayelalamika kwamba ana bima na bado amejitengenezea bampa kwa pesa zake, anadai kitu ambacho hakuuziwa. Na trafiki, ambaye tumembatiza kuwa mwenye bima hii, hayumo kabisa: si wa kwanza, si wa pili, si wa tatu. Kazi yake ni kukagua kama mkataba upo.

Inafaa kujua ulazima huu ulitoka wapi, kwa sababu historia yake inajibu nusu ya mabishano. Magari yalipoanza kuwa mengi Uingereza, wenye miguu waligongwa kwa wingi. Sheria ya kumshitaki dereva ilikuwepo, na waliogongwa walishinda kesi. Tatizo lilianza baada ya hukumu. Mahakama inasema mlipe huyu, dereva anasema sina, na kweli hana. Mjane anabaki na karatasi ya ushindi mkononi. Ndipo Bunge lao likapitisha Sheria ya Barabara ya mwaka 1930, ikamkataza mtu yeyote kuendesha gari barabarani bila bima ya mtu wa tatu. Shabaha haikuwa kumkomoa dereva wala kumtafutia askari kazi. Shabaha ilikuwa kwamba aliyegongwa na maskini alipwe sawasawa na aliyegongwa na tajiri.

Wazo hilo lililetwa huku na utawala wa Kiingereza, na ndiyo maana sheria zetu zinafanana kama ndugu. Tanzania Bara tuna Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Kenya wana Sura ya 405, na huko anayeendesha bila bima anaweza kutozwa hadi shilingi 100,000 za Kenya, kufungwa hadi miaka 2, au vyote viwili. Uganda walitunga yao mwaka 1989. Hata Kadi ya Njano ya COMESA (soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika), yaani bima ya mtu wa tatu inayotambulika nje ya mpaka, ambayo madereva wetu wa malori huikata kabla ya kuvuka Tunduma kwenda Zambia, inasimama juu ya msingi huo huo: Mzambia atakayegongwa na lori la Dar es Salaam asikose wa kumlipa kwa sababu tu lori ni la ng'ambo ya mpaka.

Turudi kwenye zile 30,000. Askari akikuta bima imeisha, anakuandikia kosa kwenye mashine, inatoka karatasi yenye namba ya gari, kosa, kiasi na namba ya kumbukumbu ya malipo. Unalipa, pesa inaingia serikalini. Basi. Hakuna hata shilingi moja ya pesa hiyo inayokwenda kumsubiri mtu wa tatu popote pale. Faini ni adhabu ya kosa ulilokwisha kulitenda. Risiti yake haikupi ulinzi hata wa kilomita moja mbele, na ukiwasha gari ukaondoka bila kukata bima unaondoka mtupu vilevile ulivyofika. Nimewahi kumsikia mtu akijitetea kwa jirani yake baada ya kumgongea ukuta: "Lakini bima ya leo nimeshalipia asubuhi, risiti hii hapa." Hakuwa anatania. Alikuwa na risiti ya faini.

Kwa hiyo ile hesabu ya mara ngapi nikamatwe ndipo bima inilipe imekosewa tangu mstari wa kwanza. Upande mmoja wameweka 118,000, yaani laki moja pamoja na VAT ya asilimia 18. Upande wa pili wakaweka faini. Kinachotakiwa kukaa upande huo wa pili ni mguu wa mtu.

Uangalie kwa karibu huo mguu. Kijana wa bodaboda kagongwa, mfupa wa paja umevunjika. Anachukuliwa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, anapelekwa hospitali, na kama ni Dar es Salaam huenda akaishia MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Anawekewa chuma. Anakaa miezi bila kupiga kazi, pikipiki ilikuwa ya mkataba na mwenye nayo anadai hesabu yake, mke anakopa. Ndugu wanakuja kwako na kikao kinafanyika. Wewe uliyemgonga si mtu mbaya, unatoa laki mbili, unatoa laki tatu, halafu unaishiwa. Kesi ikifunguliwa na ukashindwa, unaamriwa kulipa fidia ya mamilioni. Kama ulikuwa na bima na kampuni ikajulishwa kesi mapema inavyotakiwa, sheria inaibana kampuni kuilipa hukumu hiyo. Kama hukuwa nayo, kinachofuata kinaitwa kukazia hukumu: dalali wa mahakama anakuja kuangalia una nini. Kama huna kitu, kijana yule analala na chuma chake na karatasi ya ushindi, na tumerudi Uingereza ya kabla ya 1930.

Nakubali kwamba dharau ya watu kwa bima ndogo haikutoka hewani. Zipo kampuni zinazomzungusha mdai mpaka achoke: leo lete ripoti ya polisi, kesho lete ramani ya ajali, kesho kutwa lete nakala ya hukumu. Zilikuwepo pia stika feki nyingi, mtu analipa wakala wa mtaani kumbe hakuna kilichofika kwenye kampuni. Lakini dawa ya mambo hayo ipo na haigharimu. Tangu stika za kielektroniki zianze mwaka 2021, unaingiza namba ya usajili wa gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, unaona kampuni, aina ya bima na siku inayoisha. Hakiki siku hiyo hiyo uliyolipa, mbele ya huyo wakala. Na kampuni ikikuzungusha, iwe wewe ni mteja au ndiye uliyegongwa, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyoundwa kwa kazi hiyo. Aliyegongwa ana haki ya kuijua kampuni ya gari lililomgonga, kwa hiyo apige picha namba ya gari kabla halijaondoka. Wengi hawafanyi hivyo kwa sababu nao wameaminishwa kwamba ile bima ni ya trafiki, haiwahusu.

Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko madereva wanaokwepa. Jina baya limemficha mwenye mali. Mtu anayestahili kulipwa anakaa hospitali akichangiwa na majirani, na mwaka mzima unapita bila yeye wala ndugu zake kuuliza gari lile lilikuwa na bima ya nani.

Basi ndugu yangu dereva, sikukatazi kuiita bima ndogo, kila mtu anaiita hivyo na bei yake kweli ni ndogo. Ninaomba tu usiseme ni ya trafiki. Na siku ukiandikiwa ile 30,000, ilipe, halafu kabla hujawasha gari ukate bima. Siku hizi inakatwa kwa simu hapo hapo pembeni ya barabara, na askari mwenyewe ataiona kwenye mfumo kabla hujarudi kwenye usukani.