Kisu Hakiamshi Saratani

Wiki iliyopita mama mmoja wa Langoni alimleta bintiye mwenye kinundu ubavuni mwa ulimi, na kabla sijavaa glavu akaniambia, "Daktari, mwanangu, mtazame tu, usimtie kisu. Kisu huamsha saratani." Maneno haya nimeyasikia mno hapa Lamu, na kila nikiyasikia huwaza wagonjwa waliobaki nyumbani kwa sababu yake.

Kukata kipande cha uvimbe usio saratani hakuugeuzi kuwa saratani. Uvimbe ninaouogopea kisu ni ule wa mishipa ya damu, ambao hupauka ukibanwa kwa kioo na ambao ukichanjwa kwa pupa hutoa damu nyingi. Kifuko cha mate cha mdomo wa chini na nundu ya mfupa katikati ya kaakaa, hivyo navitambua kwa kidole.

Kinachonikera zaidi ni imani kwamba daktari hodari huona kwa macho na kumaliza. Chukueni uvimbe wa seli za chembechembe, alioueleza daktari Mrusi Abrikossoff mwaka 1926 akidhani umetoka kwenye misuli, ilhali leo tunauhusisha na seli za Schwann zinazovika neva. Hupenda ulimi, ni mgumu, haumi, na aghalabu hauzidi sentimita 2. Hatari yake iko kwenye darubini, kwa kuwa ngozi laini iliyoufunika huweza kuota kwenda chini kama mizizi, ikafanana na saratani kiasi cha kumbabaisha hata mwanapatholojia, yule daktari anayepima vipande vya nyama kwa darubini. Akipelekewa kipande chembamba cha juujuu, chenye mizizi hiyo bila seli zenyewe, anaweza kuandika saratani, na mgonjwa akakatwa sehemu ya ulimi bila sababu. Ndiyo maana nasisitiza kipande kiende chini hadi kwenye misuli: wanaoogopa kisu humwomba daktari akwangue kidogo tu, na huko kukwangua ndiko kunakotupoteza.

Mama alikubali baada ya kuishika kwa mikono yake chupa ya kupelekea kipande maabara. Nilimchoma binti sindano ya ganzi, nikatoa kipande kikubwa kuliko punje ya choroko, nikashona nyuzi mbili, kisha nikakitumbukiza kwenye formalini ya asilimia 10, iliyokizidi ujazo mara kumi au zaidi, maana ikiwa haba nyama huoza njiani na darubini haioni kitu.

Kwenye fomu niliandika dhana tatu. Ya kwanza ilikuwa uvimbe wa chembechembe, nami nikaiwekea alama ya kuuliza, kwa sababu kwa kidole sikuweza kuutenga na neurofibroma, yaani uvimbe wa neva, wala na faibroma ya kawaida, yaani uvimbe wa nyuzinyuzi, na sioni haya kumwambia mgonjwa hivyo. Chupa imevuka kwa boti hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, na kupanda basi la Mombasa. Mama amenipigia simu mara mbili kuuliza jibu, nami mara zote mbili nimemwambia kwamba bado.