Askari Anayekunywa Ili Apate Usingizi

Pombe na jeshi ni majirani wa zamani. Mabaharia wa kivita wa Uingereza waligawiwa ramu kila siku hadi 31 Julai 1970, na katika majeshi mengi mesi, yaani ukumbi wa askari wa kula na kunywa, bado ndiyo baraza la jioni.

Sisi wa tiba hatuhangaishwi sana na anayepiga kelele mesi siku ya mshahara. Huyo huonekana mapema. Anayetutia wasiwasi ni mkimya aliyerudi kutoka operesheni: anawahi gwaride, buti zinang'aa, na usiku anakunywa peke yake ili alale. Pombe humlaza kweli, lakini inapopungua mwilini usingizi hukatika na jinamizi humrudia. Kesho huongeza kipimo. Taratibu mwili huzoea, hadi asubuhi lazima azimue ndipo mikono itulie ashike silaha.

Akigundulika, kamanda mwenye nia njema humweka mahabusu "akauke". Hapo ndipo tunapopoteza watu. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku ukikatiziwa ghafla, jasho, kutetemeka na moyo kwenda mbio huanza ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege laweza kufuata ndani ya saa 48. Siku ya pili au ya tatu wengine huchanganyikiwa na kuona visivyokuwapo. Hali hiyo huua, huku mlinzi akidhani mtu anaigiza ili atolewe. Mahali pake ni hospitali, apewe dawa za kutuliza na vitamini B1 ya kukinga ubongo.

Shirika la Afya Duniani lina dodoso liitwalo AUDIT: maswali 10, alama 0 hadi 40, na kuanzia 8 ni dalili ya unywaji wenye madhara. Ni kipimo kizuri, ila nani atajibu ukweli karatasi ikiishia mezani kwa mkuu wake? Kwa maoni yangu, majibu yabaki kwa daktari, isipokuwa pale usalama wa wengine uko hatarini.

Kama unakunywa kila siku, usiache ghafla ukiwa peke yako bwenini. Nenda zahanati ya kikosi, au hospitali ya nje ukiona aibu, na utaje kiasi halisi unachokunywa bila kupunguza, kwa kuwa dawa utakazopewa hupangwa kwa jibu hilo.