Injini huria haifanyi mchezo kuwa wa bure

Miongoni mwa vijana wa Kisumu na Nakuru wanaojifunza kuunda michezo ya kompyuta, husemwa mara nyingi mno kwamba Slay the Spire 2 ni mchezo wa chanzo huria, na kwamba hivyo haupaswi kulipiwa, kwa sababu tu waundaji wake walihamia Godot, injini ya michezo ya chanzo huria. Usemi huo unachanganya haki na bei, kisha unachanganya injini na mchezo.

Injini ya michezo ni programu inayobeba kazi ambazo kila mchezo unazihitaji, kama kuchora picha kwenye skrini na kucheza sauti. Huwa ya chanzo huria pale leseni yake inapomruhusu mtu yeyote kusoma msimbo wake, yaani maandishi yanayounda programu, kuubadilisha na kuusambaza, hata kwa biashara. Bei haimo katika maana hiyo.

Bei ndiyo inayowapotosha wengi. Unity, injini ambayo Mega Crit, studio ya Marekani inayounda Slay the Spire 2, ilikuwa imeitumia kwa zaidi ya miaka 2 kuandaa mchezo wake mpya, ilikuwa na toleo ambalo mwenye mapato yasiyozidi dola 100,000 kwa mwaka alilitumia bila kulipa hata ndururu. Sehemu ya msimbo wake hata iliwekwa hadharani, ila kwa kusomwa tu. Ilikuwa ya bure bila kuwa huria, na tofauti hiyo ilidhihirika Septemba 2023, wenye injini walipotangaza kwamba kuanzia Januari 2024 michezo iliyovuka kiwango fulani cha mapato na usakinishaji ingetozwa hadi senti 20 za dola kila inaposakinishwa. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2024, lakini Mega Crit walikuwa wamekwisha kuhama.

Godot, iliyoanzia Argentina na kufunguliwa kwa umma mwaka 2014, hutolewa kwa leseni ya MIT, andiko fupi la maneno yasiyofika 200, ambalo sharti lake ni kwamba tangazo la hakimiliki na leseni yenyewe viambatane na kila nakala. Toleo lililokwisha kutolewa kwa leseni hiyo hubaki na haki zake hata wasimamizi wakibadili nia kesho, na mwanafunzi wa Maseno mwenye kompyuta kuukuu anapata haki zilezile wanazopata Mega Crit.

Haki hizo, hata hivyo, ni za injini. Zipo leseni, kama GPL, zinazotaka programu iliyojengwa juu ya msimbo wake isambazwe kwa masharti yaleyale. MIT haidai hivyo. Tena Slay the Spire ya kwanza, iliyokamilika mwaka 2019, ilijengwa kwa lugha ya programu ya Java juu ya libGDX, zana ya kuundia michezo ambayo nayo ni ya chanzo huria, na bado iliuzwa, huku karata zake, picha zake na msimbo wake vikibaki mali ya Mega Crit. Anayetaka kuusifu uamuzi wao, basi, atakuwa sahihi akisema kwamba Slay the Spire 2 ni mchezo wa kuuzwa ulioundwa kwa injini ya chanzo huria.