Kujihisi umeizidi kazi si kujisikia

Kwenye ofisi za utalii hapa Arusha, kijana mwenye shahada akiwekwa mapokezi, halafu asichangie stori za chai ya saa nne, hukumu hutoka haraka: "Msomi huyo, anajisikia." Nimeisikia mno, na inawaonea watu.

Kuizidi kazi ni kuwa na elimu au uzoefu kuliko kazi inavyohitaji. Hilo hupimika: tangazo lilitaka kidato cha nne, wewe una shahada. Kujihisi umeizidi ni kitu kingine. Mpagazi mwenye diploma anaweza kupanda Kilimanjaro na kilo zake 20 kutoka lango la Machame bila kinyongo, kwa kuwa anatazamia kuwa mwongoza wageni. Karani mwenye diploma hiyohiyo akajiona amefukiwa.

Kinacholeta hisia hiyo ni kujilinganisha. Mwaka 1949 Samuel Stouffer na wenzake walichapisha uchunguzi wao kuhusu wanajeshi wa Marekani: polisi wa jeshi, ambako vyeo vilikuwa haba, waliridhika na nafasi za kupanda cheo kuliko wenzao wa kikosi cha anga, ambako vyeo vilitoka kwa wingi. Aliyezungukwa na waliopanda ndiye aliyejiona amepunjwa. Msomi wetu naye hajilinganishi na dereva wanayekunywa naye chai. Anajilinganisha na aliyesoma naye Chuo cha Uhasibu pale Njiro, ambaye leo yuko benki. Uchungu wake uko huko, ila uso wake uko hapa mezani, na wenzake wanadhani wamenuniwa wao. Wanaacha kumshirikisha. Naye anaona wanamchukia kwa sababu ya cheti, anazidi kujitenga.

Dharau ipo, sikatai. Anayemsahihisha dereva mkongwe mbele ya wageni amedharau, awe na shahada au asiwe nayo. Lakini dharau ina mtu inayemlenga.

Wala hisia hii si uvivu. Katika utafiti wa Berrin Erdogan na Talya Bauer wa mwaka 2009, kwenye maduka ya Uturuki, waliojihisi wameizidi kazi waliuza vizuri zaidi, na waliopewa nafasi ya kuamua mambo hawakuvunjika moyo sana.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa mapokezi na magarini, neno "anajisikia" tumwekee aliyetukosea heshima kweli. Huyu aliye kimya tumpe ratiba ya safari ya wiki ijayo aipange, na dereva amweleze barabara ya Serengeti ilivyo.